Mpaka Mama Effie Ageuze Uso

Simu ya Janelle ilitetemeka juu ya dashibodi mpaka ikagonga kioo. Selwyn aliitazama kama mtu anayemtazama nyoka. Mwenye simu alikuwa ameingia kliniki kumchukua mama yake, na kwenye gari alibaki Selwyn peke yake.

Jina lililotokea: DARCY.

Shule ya Selwyn iliishia siku wenye ranchi walipomwona anajua kupanda farasi, wakaamua kitabu kitamchelewesha. Lakini meseji fupi haikumshinda. Aliisoma akichezesha midomo.

"Chumba tayari Ijumaa, upande wa kimya. Usimwambie Selwyn kitu."

Akarudia. Haikubadilika.

"Upande wa kimya," alinong'ona. "Wanaenda kulala au kusali?"

Huyo Darcy alimfukuzia Janelle miaka na miaka, mji mzima wa Alice Springs unajua. Sasa alikuwa dereva wa wageni kwenye ile hoteli kubwa ya jangwani karibu na Uluru, jabali jekundu la katikati ya Australia, mwendo wa nusu siku kwa gari. Hoteli ya watu wanaokuja kulipiga picha jabali la wazee wa wenzao jua likizama, huku wanakunywa mvinyo.

Mlango wa kliniki ukafunguka. Mama Effie akatoka, kashikwa mkono na binti yake, bandeji nyeupe kwenye kiwiko pale mashine ya kusafishia damu inapomchoma siku zote.

"We Selwyn!" alipayuka toka mbali. "Umenuna nini? Umekanyagwa na ngamia?"

Selwyn alicheka kwa meno tu. Ndani, moyo ulimwanguka puu.

Maana mama huyu alikuwa anamchekea. Na kwa watu wao, wenyeji wa asili wa jangwa lile, mama akikukubali umwoe binti yake, hakuchekei tena. Hakutazami, haongei nawe, hakai ulipo. Ukiingia huku yeye anatokea kule, mpaka mmoja wenu azikwe. Siyo ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Selwyn alikuwa ameshamwomba Janelle waishi pamoja, na Janelle alimjibu, "Mimi ndiyo. Lakini neno la mwisho ni la mama." Tangu siku hiyo Selwyn alisubiri kugeuziwa mgongo kama wanaume wengine wanavyosubiri kukumbatiwa.

Mama Effie hakugeuza kitu. Alifungua mlango wa mbele, akakaa pembeni yake, akampiga kofi la begani.

"Twende, dereva. Nina njaa ya mkia wa kangaruu, siyo ule uji wao wa hospitali."

Kila utani wa yule mama Selwyn aliusikia kama neno moja: hapana.

Aliamua kutega. "Shangazi, Ijumaa nije saa ngapi?"

Alimwita shangazi kwa mazoea, si kwa undugu. Yeye alitoka kusini, ukoo mwingine kabisa. Walijuana hapo kliniki, marehemu mkewe na Mama Effie walipokuwa wanakaa viti jirani, kila mmoja na mashine yake.

"Ijumaa usije," Mama Effie alisema haraka. "Wamebadilisha zamu."

Kwenye kioo Selwyn aliyaona macho ya Janelle yakikutana na ya mama yake, kisha yakakimbia dirishani.

Walipofika, mama akaingia ndani. Selwyn akamshika Janelle mkono getini.

"Jan, una kitu cha kuniambia?"

"Kama kipi?"

"Sijui. Wewe ndiye mwenye vitu."

"Selwyn, nimechoka. Ongea watu wakuelewe."

"Wikiendi hii uko wapi?"

Janelle alisita. Ni kidogo tu, lakini Selwyn alikuwa amekaa miaka mbele ya madawati ya wakubwa, anakujua kusita kwa mtu anayetafuta jibu.

"Nina shughuli. Jumatatu nitakueleza yote. Niamini tu."

"Hata wao walisema niwaamini."

"Wao nani?"

"Wenye funguo. Wenye ofisi."

Janelle alishusha pumzi. Wimbo huo aliujua. Mke wa Selwyn alipozidiwa aliomba jambo moja, apelekwe akafie kwao. Kwao kulikuwa na mashine, lakini wakubwa wakasema viti vimejaa, subirini. Wakasubiri. Siku anakata roho, Selwyn alikuwa ofisini kwa wakubwa hao, anapiga meza ngumi anadai kiti. Aliporudi kliniki, shuka la kiti cha mkewe lilikuwa limeshatandikwa upya. Tangu hapo aliamini mkewe alikufa akimwita, na hakuna aliyeitika.

"Mimi sina ofisi, Selwyn," Janelle alisema taratibu. Akaingia ndani, akafunga mlango.

*

Alhamisi Selwyn alikuwa chini ya lori gereji, simu ikaita.

"Kaka, Darcy hapa. Habari za siku?"

Selwyn alitoka uvunguni. "Sema."

"Kuna basi la wageni hapa hotelini, gia zimekufa. Nimewaambia fundi ni wewe peke yako. Uje Ijumaa jioni, chumba utapewa, chakula utapewa..."

"Ijumaa?"

"Ndiyo, kaka."

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Mtu anakuibia halafu anakualika uje umtengenezee gari la kuibia!

"Waambie wakubwa zako wapande ngamia!"

"Kaka, sikiliza. Siyo suala la wakubwa..."

"Hoteli yenyewe mmejenga mlangoni kwa wenye nchi, halafu mwenye nchi akitaka kulala mnamuuliza kama ameweka nafasi. Leo gia zimekufa ndiyo mnanikumbuka? Na wewe Darcy, kaa ukijua. Mimi si mjinga."

"Nani kakwambia mjinga? Njoo tu, kaka, nakuomba..."

Akakata. Simu ikaita mara nyingine, na nyingine. Hakupokea.

Ijumaa asubuhi alijifanya anapita tu mtaani kwa Janelle. Jirani, mama mmoja mnene mwenye mbwa wengi, alikuwa anafagia.

"Unamtafuta Janelle? Kaondoka kumekucha tu. Gari nyeupe ya hoteli ilikuja."

"Na nani?"

"Nimemwona Darcy anapakia begi. Janelle kapendeza! Kavaa lile gauni la maua."

"Na mama yake?"

"Ndani ya gari sikuchungulia, mwanangu. Mimi si mmbea."

Selwyn alisimama pale mpaka mbwa wakachoka kumnusa. Kisha akaandika meseji, herufi moja moja.

"Uko wapi?"

Jibu lilikuja baada ya muda. "Niko salama. Jumatatu, mpenzi. Tafadhali."

Mpenzi! Alijaza mafuta, akachota maji, akaingia barabara ya kusini.

*

Njia nzima alikuwa anagombana na kioo cha mbele.

"Yaani gauni la maua! Mimi kanivalia siku ngapi? Na mama mtu anajua. Ndiyo maana ananichekea. Ananionea huruma. Wananionea huruma wote!"

Lilipochomoza lile jabali, jekundu, kubwa, limekaa kimya kwenye mchanga, alishusha kofia, akapunguza mwendo. Si nchi ya ukoo wake. Ukiwa mgeni kwa watu unaingia taratibu, hata ukiwa na hasira.

Hotelini, binti wa mapokezi alimtazama buti, kisha uso.

"Karibu. Umeweka nafasi?"

"Namtafuta mtu. Janelle."

"Samahani baba, taarifa za wageni hatutoi."

"Bila shaka. Mnatoa picha za jabali tu."

Alizunguka nyuma, kwenye maegesho. Basi la wageni lilikuwa pale kweli, boneti wazi, na miguu miwili imetokeza chini yake. Alizijua zile buti.

"Toka!"

Darcy alijiburuta nje, uso umejaa grisi. Akatabasamu. "Kaka! Umekuja! Nilijua tu moyo wako..."

Selwyn alimkaba shati. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinichezee. Upande wa kimya, chumba gani?"

Tabasamu likamtoka Darcy. "Umesoma simu ya watu?"

"Chumba gani!"

"Hayupo chumbani. Wamechukua gari langu, wameenda kule." Alionyesha kwa midomo, kule kwenye ubavu wa jabali ambako wanaume hawaendi wala hawaangalii. Pale ni pa wanawake, na habari zake ni za wanawake. Darcy mwenyewe alionyesha huku kainamisha kichwa.

Selwyn akalegeza mkono. Darcy angeweza kumwiba mwanamke wa mtu, hilo Selwyn aliliamini. Lakini kumpeleka mwanamke pale? Asingethubutu hata mlevi.

"Wameenda... wao na nani?"

"Si kazi yangu kukwambia. Nimeapa. Mimi nimetumwa nikulete tu, nimekupigia simu ya gia, ukanitukana mpaka ngamia." Alijifuta grisi. "Na gia zenyewe ni mbovu kweli. Ungenisaidia."

"Nani amekutuma?"

Gari nyeupe ikaingia maegesho ikivuta vumbi. Janelle ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alishuka, gauni la maua limejaa mchanga mwekundu, akamwona Selwyn, akaona shati la Darcy lilivyokunjwa. Akaelewa.

"Umekuja kunichunga?"

"Jan, niliona meseji..."

"Umekuja kunichunga kama ng'ombe wa ranchi! Nilikuomba mpaka Jumatatu. Siku chache tu uniamini, Selwyn!"

"Kwa nini chumba? Kwa nini nisiambiwe? Wewe ungekuwa mimi..."

"Ningeuliza! Ningeuliza, halafu nikijibiwa subiri, ningesubiri!" Sauti ilimkatika. "Ukinitajia tena jina la Darcy, lile neno langu la ndiyo nalirudisha. Leo hii. Mbele ya mama."

"Mama?"

Mlango wa nyuma ulifunguka polepole. Mama Effie aliteremsha mguu mmoja, akaupumzisha, akateremsha wa pili. Alikuwa amechoka, lakini uso wake uling'aa vile Selwyn hakuwahi kuuona kliniki.

"Mmemaliza kupiga kelele?" aliuliza. "Wazee wangu wamelala hapa. Darcy, rudi chini ya basi lako. Janelle, katufanyie chai. Selwyn, nipe mkono."

"Mama, sidhani kama anastahili..."

"Chai, Janelle."

Janelle aliondoka bila kugeuka. Selwyn alimtazama anavyokwenda, akajua kabisa kwamba akikosea neno moja jioni hiyo, mgongo ule ndio wa mwisho kuuona.

*

Walikaa kwenye benchi nyuma ya vyumba, upande wa kimya. Mbele yao mchanga, majani makavu, na jabali linabadilika rangi.

"Nilitaka tuwashe moto," Mama Effie alisema. "Kuna kibao kinasema marufuku. Babu yangu aliota moto hapa kabla hawajajua kuandika vibao."

"Wakubwa," Selwyn alisema.

"Wakubwa," mama akakubali. Kisha akamgeukia. "Niangalie."

"Shangazi?"

"Niangalie vizuri, usoni. Na mimi nakuangalia. Maana leo nikinyanyuka hapa, sitakuangalia tena."

Selwyn alifungua mdomo kutaka kuuliza.

"Nyamaza. Nikishalisema lile neno sina ruhusa ya kuongea na wewe, kwa hiyo acha niongee kwanza." Alishika kiwiko chake chenye bandeji. "Siri ni yangu, siyo ya Janelle. Yeye nilimkubalia siku ile ile aliyoniambia. Nikamwambia asiseme. Angekwambia, wewe na ushupavu wako wa mila ungenikimbia hapo hapo. Ungekuwa unanishusha kliniki gari likiwa bado linatembea."

Selwyn alicheka bila kutaka. Macho yalikuwa yameanza kumuuma.

"Kwa hiyo ulivyokuwa unanichekea..."

"Nilikuwa najishibisha. Nitakosa mtu wa kumtania, unadhani ni rahisi? Darcy hana utani, anacheka kabla sijamaliza."

"Mimi nilidhani umenikataa. Kila ukipanda kiti cha mbele, nasema basi, ndiyo nimekataliwa."

"Najua. Nilikuona unavyonuna. Ikanipa raha kidogo, Mungu anisamehe."

Upepo ulipita, ukabeba harufu ya chakula cha wageni.

"Lakini kwa nini huku, shangazi?"

"Kwa sababu nina mzigo wako." Sauti yake ilishuka. "Nimekaa nao tangu msiba. Msiba ukiwa mbichi hatumtaji aliyeondoka, unajua. Sasa umepoa. Nikiwa mama mkwe kabla sijakupa, nitakufa nao. Na sikutaka kukupa kwenye kile kibaraza cha kliniki kinachonuka dawa. Nilitaka nikiwa kwetu, nimeshakanyaga mchanga wangu, nimeshawasalimu wangu kule. Ndiyo nikaomba kiti cha mashine huku. Hao wakubwa wako wamenisubirisha tangu mvua zilizopita. Wiki hii kikapatikana, cha siku chache, nikamtuma Darcy akulete bila Janelle kujua."

Selwyn alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Siku ile mimi nilikuwa kiti cha pembeni," Mama Effie alisema. "Wewe unaamini alikuita."

"Aliniita."

"Hakukuita."

"Shangazi, usinibembeleze. Mimi si mtoto."

"Sina nguvu za kukubembeleza. Sikiliza. Nesi alifungua redio, mpira. Timu yako ilikuwa inapigwa vibaya. Mwenzio akaanza kucheka. Akaniambia, Effie, Selwyn yuko ofisini anawapigia kelele wale watu. Nikamuuliza, nimtume mtu amwite? Akasema, hapana, mwache. Akirudi akakuta matokeo haya ataipigia kelele na redio. Tukacheka wote. Kisha akasema, mwache apige kelele, ndiyo anavyonipenda. Akageuza kichwa upande wangu, nikadhani kasinzia."

Machozi ya Selwyn yalikuwa yanaingia kwenye ndevu, wala hakuyafuta. Alikuwa amemlilia mkewe kwa hasira mara nyingi, lakini hivi, bila kumlaani mtu, ilikuwa mara ya kwanza.

"Alikuwa anacheka?" aliuliza baadaye.

"Alikuwa anakucheka wewe."

"Basi... basi sawa."

"Siyo sawa. Wale walimnyima kiti, na mimi sitawasamehe, na wewe usiwasamehe. Lakini Janelle siyo wao. Ukimkagua simu, ukamfuata barabarani, ukamkaba mtoto wa watu shati, utakuwa umemfanya mwanangu alipe deni la ofisi. Mimi binti yangu simpi mtu wa hivyo."

"Nitaacha."

"Usiniambie mimi. Mimi siishi na wewe."

Janelle alikuwa amesimama kwenye kona, vikombe vitatu kwenye sinia. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Selwyn alinyanyuka, akamwendea, akasimama mbali kidogo.

"Jan. Nilisoma simu yako. Sikuuliza. Niliona aibu kuuliza, nikaona bora nikukasirikie."

"Na kesho ikija meseji nyingine?"

"Nitakuuliza."

"Nikikwambia subiri?"

Neno hilo lilikuwa limemuulia Selwyn mke. Janelle alilijua, na alilisema makusudi, akimtazama machoni.

"Ukiniambia wewe," Selwyn alisema, "nitasubiri."

"Utanuna?"

"Nitanuna. Lakini nitasubiri nikiwa nyumbani."

Kona ya mdomo wa Janelle ilitingishika. "Na Darcy umwombe radhi."

"Nitamtengenezea gia zake. Bure. Wakubwa zake wasijue ni bure, watazoea."

Nyuma yao benchi lililia. Walipogeuka, Mama Effie alikuwa amesimama. Alikuwa amevuta kitambaa cha kichwani kikafunika shavu, na uso ameuelekeza kwenye jabali. Mgongo wake mdogo, uliopinda, ulikuwa umewaelekea wao moja kwa moja.

"Janelle!" aliita, akiongea na mchanga. "Mwambie huyo mtu chai yake akainywe kule. Watu wengine tunataka kukaa."

Selwyn alijishika kifuani. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kusema asante shangazi, na hakuwa na ruhusa ya hata kimoja. Aliinamisha kofia, akarudi kinyumenyume mpaka akapotelea nyuma ya ukuta.

Sasa gari lake lilikuwa maegesho, na njia fupi ya kwenda maegesho ilipita mbele ya lile benchi. Kwa hiyo alizunguka hoteli nzima. Alipita jikoni, wapishi wakamshangaa. Alipita katikati ya wageni waliolala kando ya bwawa na miwani yao ya jua, buti zake zikiacha vumbi jekundu kwenye vigae vyeupe, kikombe cha chai mkononi. Janelle alimfuata kwa mbali, mkono umeziba mdomo.

Mlinzi aliyevaa shati lenye nembo alimkimbilia. "Baba! Baba, huku ni kwa wageni tu. Njia ya nje ni ile pale nyuma."

"Naijua."

"Basi rudi uipite."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

Selwyn alisimama. Alijinyoosha, akashika kikombe vizuri, akaongea kwa sauti ya kutosha mpaka bwawa zima likageuka.

"Mama mkwe wangu amekaa kule."